Jibu: Fremu za filamu kwenye makala ya kitaaluma, je, ruhusa ni lazima?

Dada, umeuliza kama fremu sita, yaani picha moja moja zilizotolewa ndani ya filamu ya Bongo, kwenye makala yako zinahitaji barua ya ruhusa ya mtayarishaji, maana jarida ni la Marekani.

Kwanza tenganisha picha za aina mbili. Fremu uliyoikamata mwenyewe kutoka kwenye DVD ni kipande kidogo mno. Sekunde moja tu ya filamu ya sinema huwa na fremu 24. Picha ya matangazo, ile iliyopigwa na mpiga picha pembeni ya kamera, ni kazi inayojitegemea, na huenda ina mwenyewe mwingine kabisa. Hiyo iombee ruhusa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Kwa Marekani, kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya 1976 kinapima mambo manne ili kuamua kama unaweza kutumia kazi ya mtu bila ruhusa: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi ulichochukua na athari kwa soko la kazi hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachostahili, mradi utaje chanzo na mtunzi.

Kila fremu ichambue ndani ya makala. Ya kupamba tu, itoe, haina utetezi. Mimi ningempigia mtayarishaji hata hivyo. Kama yuko Sinza au Kinondoni si mbali, na huenda ana nakala safi kuliko DVD yako. Asipojibu, usivunjike moyo ukaondoa uchambuzi wako. Ila mkataba wa jarida usome vizuri kabla hujasaini, hasa pale panaposema nani atalipia ruhusa.