Anaimba ABC yote lakini "baba" haisomi: vizibo vya maji vilivyonitoa hapo

Dada yangu, umeuliza kwa nini binti yako wa miaka mitano anaimba herufi toka A mpaka Z bila kukosea, lakini ukimwandikia "baba" anakutolea macho. Mimi si mwalimu. Nina kibanda cha soda na maji hapa Morogoro, na wanangu watatu wote wamejifunza kusoma wakiwa wamekaa juu ya kreti. Wa kwanza alinitoa jasho kwa jambo hilohilo lako.

Wimbo unampa majina ya herufi, na kusoma kunataka milio yake. Wangu alikuwa akiliona neno hilo anasema "bii, ei, bii, ei", kisha ananiangalia nimwambie limekuwa nini. Sasa hapo baba atatokea wapi? Mwache aimbe, wimbo hauna ubaya, ila mkikaa kusoma iite b kwa mlio wake mfupi, midomo ifumbe na kuachia basi. Usiivute ikawa "buuu".

Nikarukia chati ya ba be bi bo bu, kama tulivyosomeshwa sisi. Wiki moja akawa ameimaliza, nikajisifu mtaa mzima. Siku moja nikaziba mstari kwa kiganja, nikaacha "bo" peke yake. Kimya. Halafu nikaona midomo inacheza taratibu: ba, be, bi... bo! Kumbe hakuwa anasoma, alikuwa anaitafuta ndani ya wimbo mwingine. Silabi zenyewe hazikuwa na kosa. Kiswahili kinasomeka vizuri kwa silabi, kwa sababu a yetu ni a popote utakapoikuta. Tatizo lilikuwa zimekaa kwenye foleni ileile kila siku.

Ndipo nikageukia vizibo vya plastiki vya chupa za maji, maana kibandani kwangu ni takataka. Chukua maka peni, andika silabi moja juu ya kila kizibo. Anza na irabu tatu, a, i, u, na konsonanti tatu, m, k, b. Utapata silabi tisa. Kila moja iandike mara mbili, viwe 18, la sivyo hutapata mama wala kuku. Tia kwenye mfuko wa kitambaa. Mtoto anachovya mkono, anatoa viwili, anavipanga, anasoma. Humo mna kaka, bibi, babu, mimi, kumi, kima, na akitoa vitatu anaweza kukutana na kibaba.

Mara nyingi kinatoka kitu kama "muki" au "bami", naye anacheka, "Baba, hakuna muki!" Mimi kicheko hicho nakipenda kuliko akisoma "mama". Neno "mama" anaweza kuwa ameshalikariri kwa sura, lakini "muki" hajawahi kuiona popote. Ameisoma.

Kosa langu moja usilirudie: kizibo ni duara, hakina juu wala chini. "Mu" ikigeuka inakuwa "nw", b inakuwa q, nami nilimkaripia mtoto bure siku nzima. Chora mstari mnene chini ya kila silabi.

Akizoea, ongeza konsonanti mojamoja, l na t kwanza, kisha irabu e na o. Usifuate mpangilio wa alfabeti, fuata herufi zinazokupa maneno ya nyumbani kwako. Sisi tuliiwahi s kwa sababu ya soda.

Kabla ya hayo yote, lakini, masikio. Hapa ndipo wengi tunaparuka. Mkipika au mkitembea, pigeni makofi kwa silabi: na-zi, pa-pa-i, jina lake, jina la shangazi. Halafu mfundishe kinyume, ule mchezo wetu wa utotoni wa kugeuza maneno wakubwa wasielewe: wali inakuwa liwa, soda inakuwa daso. Mtoto anayeweza kusema "daso" tayari ameikata soda vipande viwili kichwani bila kuona herufi hata moja. Wangu wa pili alicheza kinyume mwezi mzima kabla sijamwonyesha kizibo, na ndiye aliyeshika upesi kuliko wote.

Makofi hayohayo yatakusaidia kwenye m. "Mtu" ni makofi mawili, m-tu, na "mbu" vilevile, m-bu, lakini "mbegu" ni mbe-gu. Kwa hiyo tengeneza vizibo kadhaa vya m peke yake, na kimoja cha mbe chenye herufi zote tatu. Sheria usimweleze, hataielewa. Piga makofi tu. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ziweke mwisho kabisa.

Kuna mtu amekushauri ubandike karatasi kwenye vitu vya nyumba, "mlango", "dirisha", "kabati". Nilifanya. Baadaye nikabadilisha karatasi usiku, asubuhi mtoto akausoma mlango "mlango", na karatasi inasema kabati. Anasoma mbao, hasomi maandishi. Mimi siku hizi sihangaiki nazo.

Akichanganya b na d, mwaga unga kidogo kwenye sinia aziandike kwa kidole, kila moja huku akiitamka. Ni polepole, usimharakishe. Hata hivyo ana miaka mitano tu, na darasa la kwanza na la pili mtaala tangu 2015 umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo hajachelewa popote.

Muda ni dakika kumi, na uache yeye akiwa bado anataka. Akianza kuvirusha vizibo, mmemaliza kwa leo. Na kama ndani kuna mdogo wake anayetambaa, vihesabu 18 vyote kabla hujaufunga mfuko, maana cha "ku" mimi nilikikuta mdomoni mwa kitinda mimba.