Jibu: RAM na diski za seva ya hoteli, Malindi

Kaka, umeuliza kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 16 na diski moja ya TB 2 zitatosha seva ya hoteli yenu hapo Malindi, yenye mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva hiyo moja. Hazitoshi. Ile RAM ya GB 2 ya chini wanayotaja kwa Windows Server 2022, mfumo endeshi wa seva, ikiwa na skrini yake ya kawaida (Desktop Experience), ni ya kuwaka tu, si ya kazi. Mimi ningeanza na RAM ya GB 64, tena ya ECC, aina inayojisahihisha biti moja ya data ikigeuka kimakosa. Hifadhidata iweke kwenye SSD mbili (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za RAID 1, yaani kila moja inabeba nakala ile ile. Moja ikifa, mapokezi hawatajua. Lakini RAID si bekapu! Mtu akifuta bili, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Bekapu ikae nje ya jengo. Na seva isikae karibu na dirisha la baharini, chumvi inakula viunganishi.