Kishazi, kifungu na hela yako: soma mkataba kama mtu wa lugha

Wiki hii nimepata meseji ya msomaji mmoja anayesoma isimu na anataka kuanza kufanya kazi za tafsiri. Ameniandikia: "Dada, kwenye sarufi tuna kishazi, kwenye mkataba kuna kifungu, hivi vitu vinahusiana vipi? Na mtu wa lugha ana la kufanya kwenye mikataba kweli au tuwaachie wanasheria?"

Hilo swali la pili ndo limenifanya nikae kuandika. Nimeshaambiwa hivyo mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba sarufi ni ya darasani na ukishatoka darasani haina kazi. Sasa nimetoka kumaliza dili kubwa kuliko zote nilizowahi kupata na kilichonilinda kwenye lile dili ni sarufi, kwahiyo leo nasema.

Tuanze na kishazi, haraka tu. Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi, linalokaa ndani ya sentensi. Ukisema "gharama za uchapaji" hapo hamna kitenzi, hicho ni kirai. Ukisema "mteja atalipa gharama za uchapaji" tayari una kishazi huru, kinajitosheleza, mtu akikisikia haulizi "enhe, halafu?" Ila ukisema "ambazo mteja ameziidhinisha" au "mteja akichelewa kulipa" au "kazi itakapopokelewa", msikilizaji anabaki anasubiri, hivyo ni vishazi tegemezi. Vinajulikana kwa alama zake: amba-, -ki-, -po-, -sipo-, -nge-, na viunganishi kama iwapo, endapo, ingawa, isipokuwa, mradi.

Kifungu chenyewe ni sehemu ya waraka. Kina namba, kinabeba jambo moja: malipo, usiri, usuluhishi, kuvunja mkataba, majanga yasiyozuilika na kadhalika. Kinaweza kuwa sentensi moja, kinaweza kujaza ukurasa mzima wenye vishazi kumi na zaidi. Watu wengi wanasoma kichwa cha kifungu, wanaona "Malipo", wanaridhika, wanasaini. Lakini haki yako haikai kwenye kichwa, inakaa kwenye vishazi. Mara nyingi kishazi huru ndo kinasema nani atafanya nini, na kishazi tegemezi ndo kinasema kwa sharti gani. Hilo sharti ndo linalokula hela za watu.

Sasa nisikilize. Mteja wangu alinitumia mkataba wa kurasa kadhaa, kifungu cha malipo kikawa na sentensi hii: "Mfasiri atalipwa ada na gharama ambazo mteja ameziidhinisha kwa maandishi." Nikampa rafiki yangu aliyezoea mikataba asome, akasema iko sawa. Nikaisoma kwa sauti, nikairudia, nikaona tatizo. Hicho kishazi cha "ambazo mteja ameziidhinisha" kimeshika nini? Kimeshika gharama peke yake, au kimeshika ada na gharama zote mbili? Maana ada na gharama ziko ngeli moja, wingi wake zote ni zi-, upatanisho hausaidii kitu. Ingekuwa "malipo na gharama ambazo" walau ubishi ungepungua, kwasababu malipo yanataka "ambayo". Lakini hapa njia zote mbili ziko wazi, na kwa ile njia ya pili mimi naweza kumaliza kazi yote, nikaikabidhi, halafu ada yangu ikasubiri mtu akumbuke kuiidhinisha kwa maandishi.

Nikawaandikia kwa heshima kabisa. Mtu wao wa sheria akanijibu mstari mmoja: hayo ni mambo ya sarufi, maana inaeleweka. Nakiri iliniuma, na bado inaniuma, kwasababu ilikuwa namna ya kuniambia rudi darasani kwako. Sikubishana naye. Niliandika sentensi mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya gharama tu, ya pili ikiwa na maana ya vyote viwili, nikamuuliza ninyi mmekusudia ipi? Kimya. Kimya kirefu mpaka nikaanza kuhesabu kwamba dili limekufa. Kisha mkataba ukarudi umeandikwa upya: mfasiri atalipwa (a) ada yote baada ya kukabidhi kazi, na (b) gharama ambazo mteja ameziidhinisha kwa maandishi.

Kazi ikaisha, nikatuma ankara, na mhasibu akauliza idhini ya maandishi ya ada iko wapi. Nikamwonyesha (a). Nililipwa yote. Yule aliyesema ni mambo ya sarufi sikumsikia tena.

Na usidhani haya ni ya watu wadogo kama sisi. Kanada kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombana kuhusu mkataba wa 2002 wa kutumia nguzo kupitisha nyaya. Kifungu kilisema mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya maandishi ya mwaka mmoja. Aliant wakataka kuuvunja kabla miaka 5 ya kwanza haijaisha. Rogers wakasema haiwezekani, notisi inahusu vile vipindi vya baadae tu. Yaani ugomvi mzima ni kile kishazi cha "isipokuwa" kinategemea nini, na mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano ikaangalia koma iliyokaa kabla yake, ikasema kinahusu miaka 5 ya kwanza na vile vipindi vya baadae pia, Aliant wakashinda. Koma moja jamani! Mwaka 2007 uamuzi ukageuka, nitakwambia kwanini.

Kwahiyo ndugu zangu, kabla hujasaini tafuta kitenzi. Kila kifungu, tafuta kitenzi kikuu, uliza nani anakitenda. Ukikuta "fidia italipwa ndani ya siku 30" jiulize italipwa na nani, kwasababu kauli ya kutendwa inaficha mlipaji na wewe unaweza kuwa ndo huyo. Angalia kama ni "atalipa" au "anaweza kulipa", hivyo si ndugu hata kidogo. Kisha kila kishazi tegemezi uliza kimeshika nini. Kikishika vitu viwili, kivunje, tumia (a) na (b), au kihamishe kikae jirani na neno lake. Narudia, uliza kimeshika nini.

Kuna kanuni ya zamani ya sheria inayoitwa kwa Kilatini contra proferentem, kwamba maneno yenye utata yanatafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Watu wanaipenda sana hii. Usiitegemee, maana mara nyingi inakuja mwishoni baada ya njia nyingine kushindikana, na mikataba mingine ina kifungu kinachoiondoa kwa kusema pande zote mbili zimeuandika pamoja. Mwanasheria mtafute, hasa dili likiwa kubwa, yeye anajua sheria inasema nini, lakini usimwachie peke yake kazi ya kusoma lugha, hiyo ni fani yetu na tusione aibu kuisimamia.

Na wewe msomaji wangu mfasiri, hii ni yako. Ule uamuzi wa Kanada uligeuka 2007 kwasababu mkataba wa mfano uliotumika kuuandika, ulioidhinishwa na tume yenyewe, ulikuwa na toleo la Kifaransa pia, na kwenye Kifaransa muundo wa sentensi haukuacha utata, ilionekana wazi miaka 5 ya kwanza haivunjwi. Tafsiri ndo iliyoamua. Kwahiyo ukipewa mkataba wa lugha mbili uutafsiri, kabla ya kitu kingine nenda kwenye kifungu cha lugha uone toleo lipi litafuatwa zikigongana, na kama hakipo mwandikie mteja siku hiyohiyo umwambie hakipo.