Maswali yenu: barua za babu na kaseti za bibi

Shikamooni. Tuna barua za biashara za babu, karatasi 120, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tumezipiga picha tukatumiana kwa WhatsApp. Yatosha? (Lamu)

Marahaba. Haitoshi, na kwa hati kama hizo hasara ni kubwa. WhatsApp huibana picha, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo. Sasa angalieni be, te na the: umbo ni moja, tofauti ni nukta tu. Tena waandishi wa zamani mara nyingi waliandika b, p na mb kwa be hiyohiyo, kwa hiyo msomaji tayari anabahatisha. Nukta mbili zikigandana zikawa doa, neno limekwenda.

Rudieni kazi kwa skana ya kulaza, dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi), rangi kamili, faili za TIFF, yaani picha isiyobanwa. Ukurasa wa A4 huchukua takriban MB 46. Pande zote mbili za karatasi 120 ni kama GB 11, zinaingia kwenye diski ndogo kabisa. Msiruke mgongo wa karatasi hata ukionekana mtupu. Huko ndiko hukaa mihuri na hesabu za pembeni. Msikate kingo, na wekeni rula kando ya karatasi ili vipimo vijulikane. Daftari lililoshonwa msilikandamize kwenye skana, uti wake utavunjika. Lipigeni picha kutoka juu, simu ikiwa imefungwa kwenye kigoda cha kamera, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi. Na tafadhali, msizitie karatasi hizo plastiki ya moto wala selotepu.

Faili tuziite vipi?

Fupi, bila nafasi, na sifuri zitangulie: LAM_B01_017_a.tif, yaani Lamu, bunda la kwanza, karatasi ya 17, upande wa kwanza. Bila sifuri, programu nyingi huipanga 10 kabla ya 2. Maelezo mengine yaingie kwenye jedwali: mwandishi, mwandikiwa, mahali, na tarehe kama ilivyoandikwa. Barua ikisema 1318 bila mwezi, andikeni "1318 H" na kando "1900/1901", kwa sababu mwaka huo wa Hijria ulianzia katika mmoja ukaishia katika mwingine. Msichague mmoja kwa kukisia.

Nimeweka kila kitu kwenye flashi. Niko salama? (Tanga)

Hapana. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ikikaa miaka bila kuchomekwa, chaji inayoshika data huvuja. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba au mji mwingine. Kisha chukua alama ya kila faili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `certutil -hashfile LAM_B01_017_a.tif SHA256`, uinakili alama hiyo kwenye jedwali. Rudia kila miezi sita. Alama ikibadilika, faili imeharibika, irudishe kutoka nakala nzima.

Na kaseti za bibi akiimba? (Mombasa)

Kabla ya yote, vunja vijimeno viwili vya juu ya kaseti, asije mtu akarekodi juu yake. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, halafu rekodi kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, kHz 48, biti 24. Saa moja ya stirio ni kama GB 1. Zima mpangilio wa sauti wa otomatiki, maana hupandisha mvumo kila bibi anapovuta pumzi. MP3 iwe ya kugawa tu. Kama nyimbo zinawataja watu walio hai, waulizeni kwanza kabla hamjaziweka mtandaoni.