Uyoga wa tiba na machozi ya mama aliyefiwa

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Naishi Melbourne. Tangu nifiwe na mwanangu, huu mwaka wa nne, nina sonona, na dawa nilizotumia hazikunifaa. Daktari wa akili amenitajia silosaibini, dawa itokanayo na uyoga. Rafiki yangu aliyeitumia anasema alimwona Mungu, na kwamba hisia zile ndizo ibada yenyewe. Je, yafaa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Pole sana.

Uharamu wa kilevi waujua. Lakini Imamu Nawawi alitaja ruhusa ya kuondolewa fahamu kwa dawa mtu anapokatwa mkono uliooza, na huko Australia, tangu Julai 2023, madaktari wa akili wenye idhini wanaruhusiwa kuitoa silosaibini kwa sonona iliyoshinda dawa nyingine. Akikushauri daktari mwaminifu, naye akiwa msimamizi, naona ni mlango wa dharura. Ile Hadithi ya «si dawa, bali ni ugonjwa» ilihusu pombe.

Kilichonichoma ni neno la rafiki yako. Kweli, mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins waliwapa dawa hii wagonjwa 51 wa saratani wenye sonona au wasiwasi, na waliozama zaidi katika hisia hizo ndio waliopata nafuu zaidi. Hiyo ni habari ya nafuu, wala si ya Mungu! Asiyemwamini Mola akiinywa naye aweza kuona nuru, kisha akaamka na ukafiri wake. Allah ametukataza kuikaribia Swala tukiwa tumelewa mpaka tuyajue tuyasemayo. Ulevi utageukaje kuwa ibada? Anayesema hivyo anamzulia Mola wake.

Basi yatakayokujia siku ile usiyafanye amri: usidai talaka wala usiuze nyumba kwa sababu yake. Mweleze daktari kama katika ukoo wenu kuna aliyewahi kurukwa na akili, na dawa unazotumia usiziache kwa shauri lako mwenyewe. Arudi nawe nyumbani mtu wako wa karibu.

Na aliyekwambia kuwa huzuni ni upungufu wa imani, kama yupo, mkumbushe Nabii Yaaqub, aliyehuzunika hadi macho yakawa meupe. Machozi yakija, yaache. Mtume wetu (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim.

Niandikie jina la mwanao nimtaje katika dua. Wallahu aalam.