Jibu: Matembezi ya usiku Amani, vinyonga hawaonekani

Habari ndugu. Kwa hiyo mlitembea usiku na mwongozaji kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mkawasikia komba tu, kinyonga hata mmoja hamkumwona, na sasa unauliza kama inafaa kurudi.

Rudi, lakini kwanza angalia tochi. Ya simu haifai, mwanga wake unatawanyika na kuishia karibu. Vaa tochi ya kichwani ili mwanga utoke usawa wa macho yako. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, basi ukimmulika anaonekana kama kipande cha karatasi kwenye majani, mkia ameukunja duara. Wengi hulala kwenye ncha za vitawi vyembamba, kwa hiyo acha mashina, mulika ncha. Ukimpata usitikise tawi, atajiachia aanguke. Yule dume mwenye pembe tatu ni mzuri mno, mtazame bila kumshika.

Mwendo nao ni muhimu. Kundi kubwa linalopiga soga halioni kitu. Mwone mwongozaji mchana, mwambie wazi unataka vinyonga na vyura, naye atachagua njia inayopita kando ya kijito.

Vyura wanapatikana zaidi mvua ikishanyesha, vuli au masika. Siafu nao hutoka wakati huo, hivyo chomeka suruali ndani ya soksi na uangalie unaposimama. Ada ulizia ofisi ya hifadhi kabla hujatoka Muheza.