Mashabiki wa Kentucky: tumdai kocha nini, na tuache kumdai nini

Wakuu, mleta mada ameuliza swali zuri. Mark Pope, kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, msimu wake wa kwanza, 2024/25, alishinda mechi 24, akaifunga chuo cha Duke, akafika 16 bora ya mashindano ya taifa ya vyuo Marekani. Sasa mashabiki wa Kentucky wanalalamika nini? Naishi Lexington, mji wa chuo hiki, miaka mingi na timu hii naipenda kwa dhati, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kwa kirefu.

Kwanza muelewe kwamba jimbo hili la Kentucky halina timu ya NBA, ile ligi ya kulipwa ya Marekani. Timu ya kikapu ya watu wazima, ya vijana, ya kanisani na ya kijiweni ni hiyo hiyo ya chuo kikuu. Uwanja wetu, Rupp Arena, unaingiza watu zaidi ya 20,000, na usiku wa mechi ya katikati ya wiki, baridi ya Januari ikiuma, bado utatafuta maegesho mpaka uchoke. Mji wa Louisville wana chuo chao na ni watani wetu wa jadi, lakini ukitoka nje ya mji wao jimbo karibu lote ni buluu, rangi yetu. Aliyekulia kwenye Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi.

Halafu kuna historia, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kentucky ina mataji manane: 1948, 1949, 1951, 1958, 1978, 1996, 1998 na 2012. Ukiyasikia yote kwa pamoja unadhani kila baada ya muda mfupi tunabeba kombe. Yaangalie tena. Kati ya 1958 na 1978 ni miaka 20 mikavu. Kati ya 1998 na 2012 ni miaka 14. Mzee anayekuambia "zamani tulikuwa tunashinda kila wakati" anakumbuka vipindi vitamu, ile miaka ya katikati ameifuta kichwani.

Mashindano yenyewe ni ya mtoano, timu 68, mechi moja tu kila hatua. Timu zinagawanywa kwenye kanda nne, na kila kanda zinapangwa kwa namba kufuata ubora, namba 1 ikiwa ndiyo bora. NBA unaweza kuzidiwa usiku mmoja ukarekebisha mechi ijayo. Huku ukiteleza, unafunga mabegi. Mwaka 2018 Virginia waliingia wakiwa namba moja ya mashindano yote wakapigwa na UMBC, chuo ambacho hata Wamarekani wengi walikuwa hawakijui, kwa tofauti ya pointi 20. Chuo kikambakiza kocha Tony Bennett, na 2019 akachukua ubingwa. Purdue nao 2023 walitolewa na Fairleigh Dickinson raundi ya kwanza, mwaka uliofuata wakafika fainali na kocha yule yule. Kwa hiyo anayetaka kocha afukuzwe kwa sababu ya usiku mmoja wa Machi, mimi simuungi mkono hata kidogo.

Lakini usiku ule wa Machi 2022 dhidi ya Saint Peter's uliniuma kweli. Tulikuwa tumekusanyika kwa majirani Wakongo, maana Lexington ina Wakongo wengi, na Kiswahili unakisikia sokoni na shuleni. Kilichotuleta pamoja ni Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ambaye mwaka ule alitangazwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima, akiwa na wastani wa ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 15 kwa mechi. Siwezi kueleza ilivyokuwa fahari kumwona mtu wa nyumbani akishangiliwa na jimbo zima. Usiku ule alifunga pointi 30, akachukua ribaundi 16, na bado tukafungwa 85-79 kwenye muda wa nyongeza. Tulikuwa tumepangwa namba 2 kwenye kanda, wao namba 15. Mama mwenye nyumba alizima televisheni, akasema kijana ameonewa, wenzake hawakumsaidia. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa, kama mechi ile ingekuwa peke yake, ningesema ni bahati mbaya. Haikuwa peke yake. Kocha John Calipari alikuja 2009, akatupa ubingwa wa 2012, akatufikisha nne bora mara nne kati ya 2011 na 2015, ikiwemo ile timu iliyoshinda mechi 38 mfululizo kabla ya Wisconsin kuisimamisha. Baada ya 2015 hatukuiona nne bora tena chini yake. Msimu wa 2020/21 tulishinda mechi 9 tukafungwa 16. Ikafuata Saint Peter's. 2023 tukashinda mechi moja, Kansas State wakatutoa. 2024 Oakland, waliopangwa namba 14, wakatufunga 80-76, na Jack Gohlke akatutupia mitupo kumi ya pointi tatu. Misimu minne, ushindi mmoja tu kwenye mashindano ya taifa! Hapo shabiki aliyepiga kelele alikuwa na haki. Siyo kwa sababu ya Oakland. Ni kwa sababu mwelekeo ulikuwa umeonekana muda mrefu. Calipari mwenyewe akaondoka kwenda chuo cha Arkansas.

Ila mashabiki hawa hawa walimkosea kocha wetu wa zamani Tubby Smith, na hilo nitalisema daima. Alichukua ubingwa 1998, mwaka wake wa kwanza. Misimu kumi aliyokaa, yote alituingiza kwenye mashindano ya taifa. Mwaka 2003 hakupoteza hata mechi moja ya SEC, ligi yetu ya msimu wa kawaida. Na bado alisumbuliwa kwa maneno mpaka 2007 akaenda chuo cha Minnesota. Alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa Kentucky, na sidhani hilo halikuwa na uzito katika namna alivyosemwa. Jezi ya heshima yake ikaja kutundikwa Rupp mwishoni mwa 2021, amekwisha kuondoka zamani.

Kwa Pope, kumbukeni alivyoikuta timu. Hakukuwa na mchezaji hata mmoja wa ufadhili (anayesomeshwa na chuo ili acheze) aliyebaki. Alijenga kikosi kizima kupitia dirisha la uhamisho, kwa miezi michache, wengi wao wakiwa wakubwa waliobakiza msimu mmoja tu. 16 bora kwa kikosi cha namna hiyo ni kazi nzuri, na Tennessee waliotutoa tulikuwa tumewafunga mara mbili ndani ya msimu. Hapo sioni cha kulalamikia.

Kwa upande wangu namdai hivi: kila mwaka tupangwe ndani ya namba nne za juu za kanda yetu kwenye mashindano ya taifa, maana hilo ni kipimo cha msimu mzima na siyo cha usiku mmoja. 16 bora iwe kawaida, nne bora ionekane walau mara moja kila miaka minne au mitano. Ubingwa nautamani mno, lakini kumpa mtu tarehe ya kuuleta ni kujidanganya. Na kwa kuwa tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, Kentucky haina kisingizio cha kukosa wachezaji. Fedha zipo, uwanja upo, jina lipo. Hapo uongozi na kocha wabanwe kweli kweli.

Wasiobanwa ni hawa vijana. Tangu kamari ya michezo iruhusiwe hapa Kentucky mwaka 2023, naona matusi wanayotumiwa kwenye simu zao yamezidi, mtu analaani mtoto wa miaka 19 kwa kukosa mtupo huru kwa sababu mkeka wake umechanika. Analipwa, ndiyo, lakini hakuchagua yeye nani aanze, wala mbinu gani itumike. Ukiona mwenzako humu anawaandikia wachezaji ujumbe wa namna hiyo, mkemee waziwazi, hata kama ni rafiki yako.